Nani Anamchora Mama?

Wasanii wanawake wa Kongo na siri zilizofungiwa nyumbani

Katika miaka ya 1960 na 1970, mgeni aliyekaribishwa katika nyumba ya Katuba, ya Kenya au ya Kamalondo, mitaa ya wafanya kazi wa Lubumbashi, aliona jambo moja kabla hajaketi. Ukutani zilitundikwa picha za rangi, zilizochorwa mara nyingi juu ya kitambaa cha magunia ya unga, nazo zilinunuliwa kwa wachoraji wa mtaani kwa bei ambayo karani au fundi aliweza kuilipa. Hazikuwa pambo tu. Jioni baba wa nyumba alizitumia kuwasimulia wageni na watoto mambo ya zamani.

Picha moja iliyopendwa sana ilionyesha enzi ya Wabelgiji: mfungwa amelazwa chini, askari anampiga kiboko, mzungu anatazama, na kando mke wa mfungwa analia. Picha nyingine ilimwonyesha mamba muntu, nusu mwanamke, nusu samaki, mwenye nywele ndefu zinazong'aa. Huyo, wasema watu, humpa mwanamume utajiri wa ghafula, kisha humdai roho za jamaa yake.

Wasomaji wapenzi, fikirini kidogo. Katika picha ya kwanza mwanamke analia. Katika picha ya pili mwanamke anakula watu. Je, kati ya machozi na meno, mama wa kweli yuko wapi? Yuko wapi yule asongaye bukari, auzaye makala sokoni, amfichaye jirani alama ya kofi shavuni mwake? Hakuchorwa. Na sababu yake si ngumu kuifahamu: wenye kushika brashi walikuwa wanaume. Mnamo mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mjini humo karakana ya kuchora, na majina yaliyovuma kutoka pale ni Pilipili, Bela na Mwenze, wanaume wote. Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima katika picha zipatazo 100, kazi ya ajabu inayosifiwa hata leo. Naye alikuwa mwanamume.

Hatusemi hivyo ili kuwalaumu mafundi hao. Kila mtu huchora yale ayaonayo mahali alipoketi. Lakini siku hizi wako wanawake wa Kongo walioshika brashi, kamera na udongo wa kufinyanga, nao wanachora yale yaonekanayo mahali walipoketi wao. Mengine katika hayo ni mabaya, tena yamefichwa miaka mingi. Yafaa tuyatazame.

MJI WA MISHAHARA

Kwanza tujue mji wenyewe. Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Uliitwa Elisabethville mpaka mwaka 1966, ulipopewa jina la mto wake. Kampuni kubwa ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwachukua hapo mwanzo wanaume peke yao kutoka mbali, bila wake zao. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikageuza desturi hiyo: ikatoa mikataba mirefu, ikajenga kambi, ikawakaribisha wake na watoto, ili wafanya kazi watulie.

Jambo hilo lilikuwa na faida, maana watu walipata nyumba, dawa na shule. Lakini tazameni jinsi mwanamke alivyoingia mjini. Aliingia kama mke wa mfanya kazi. Nyumba ilikuwa ya kazi ya mumewe, posho ilipimwa kwa hesabu ya mumewe, na mume akifukuzwa kazini, mke naye alitoka kambini. Shuleni wavulana walifundishwa ufundi na Kifaransa. Wasichana walifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto. Masista na mabibi wa kampuni waliwafundisha kwa moyo mwema, na mambo hayo yana manufaa yake. Hata hivyo mlango wa elimu ya juu ulikawia mno kufunguliwa kwa wasichana. Mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu, Sophie Kanza, aliipata mwaka 1964, yaani miaka 4 baada ya uhuru. Miaka 2 baadaye akawa waziri wa kwanza mwanamke wa nchi hiyo. Basi, akili haikukosekana. Kilichokosekana ni njia.

Watu wa Katanga walizoea kusema kwamba kampuni ni baba na mama. Baba huyo akaanguka. Kampuni ya Gécamines, iliyoirithi Union Minière, ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1993 zilikuwa chini ya 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanya kazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa malipo ya mara moja. Mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2001, juu ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao, na jinsi mamlaka ya baba ilivyotikisika nyumbani.

Katika siku hizo ni nani aliyelisha watoto? Mara nyingi ni mama, kwa unga, samaki wakavu, maandazi na makala. Lakini kulisha nyumba hakukumpa mama sauti ndani ya nyumba. Kuna baba ambaye, akiisha kukosa mshahara, alitafuta heshima yake kwa mkono mzito. Na hata nje, katika machimbo ya wachimbaji wadogo wa Katanga, pako mahali pengi ambapo mwanamke hukatazwa kushuka shimoni, kwa kuwa yasemwa kwamba madini yatakimbia. Yeye huachiwa kuosha mawe majini kwa malipo madogo. Mwanamke ni mkosi shimoni, lakini jasho lake halina mkosi!

NYUMBA YA MAONYESHO

Mwaka 2008 vijana wa Lubumbashi, miongoni mwao mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza, walianzisha chama cha sanaa, wakakiita Picha, neno ambalo kila mtoto wa mji huo hulifahamu. Chama hicho ndicho kilichoanzisha maonyesho makubwa ya sanaa ambayo tangu hapo hufanyika mjini, kwa kawaida kila baada ya miaka 2 au 3. Maonyesho ya mwaka 2022 yalipewa jina lililounganisha maneno mawili ya Kifaransa, sumu na mji, kwa sababu hewa, maji na udongo wa Lubumbashi vimebeba uchafu wa viwanda kwa zaidi ya karne nzima.

Jambo moja lapasa kutajwa. Mara mbili uongozi wa maonyesho hayo, yaani kazi ya kuchagua wasanii na kupanga fikira yenyewe, ulikabidhiwa kwa mwanamke: mwaka 2013 kwa Elvira Dyangani Ose, na mwaka 2019 kwa Sandrine Colard, mwanahistoria wa sanaa mwenye asili ya Kongo na Ubelgiji. Labda mtu atasema, hilo ni dogo. Si dogo. Katika mji ambao mwanamke alihesabiwa katika kadi ya mumewe, mwanamke amesimama mlangoni na kuamua ni picha zipi zitundikwe.

Walakini njia ya mwanamke msanii si laini. Wazazi wengi huogopa wakisikia binti yao ataka kuwa mpiga picha, mwimbaji au mcheza tamthilia. Hufikiri juu ya kurudi usiku, juu ya maneno ya majirani, juu ya mume atakayekosekana. Tshala Muana, aliyezaliwa mji huu huu mwaka 1958, alianza kama mchezaji ngoma katika kundi la mwimbaji M'Pongo Love, kisha akawa mwimbaji mashuhuri wa mutuashi, ngoma ya Waluba wa Kasai. Wako waliotikisa vichwa wakimtazama akicheza. Alipofariki Kinshasa tarehe 10 Desemba 2022, nchi nzima ilimlilia. Mara nyingi ndivyo tulivyo: twamkemea binti akiwa hai, twamsifu akiisha kuzikwa.

KIOO CHA GOMA

Sasa tutoke kidogo Lubumbashi, tuwatazame wasanii wanne wa nchi hiyo hiyo ya Kongo, maana shida wanayoionyesha ni ile ile, nao wanaweza kutusaidia kuisoma.

Wa kwanza ni Pamela Tulizo, mpiga picha wa Goma, mji ulio chini ya mlima Nyiragongo. Alijifunza kwanza kazi ya uandishi wa habari, baadaye akajifunza kupiga picha, pamoja na kusoma Johannesburg. Wasomaji wajua habari za mashariki ya Kongo: vita vya miaka mingi, na wanawake wengi mno waliobakwa na watu wenye silaha. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kuwatibu na kuwatetea. Ni kweli tupu, na haifai kufichwa. Lakini Pamela aliona jambo lililomchoma moyo: popote alipotajwa mwanamke wa Goma duniani, alitajwa kama mtu aliyeharibiwa tu, kana kwamba hana kazi, hana cheko, hana mipango ya kesho.

Ndipo alipotengeneza picha alizoziita Utambulisho Maradufu. Ndani yake mwanamke yuko mbele ya kioo. Upande mmoja twamwona kama ulimwengu umwonavyo. Upande wa pili, kama yeye mwenyewe ajionavyo. Ni mtu yule yule. Mwaka 2020 picha hizo zilipata tuzo ya vijana wapiga picha inayotolewa na kampuni ya Dior ya Ufaransa.

Tujifunze nini hapa? Kwamba kumdhulumu mtu kuna hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kumpiga au kumbaka. Hatua ya pili ni kumwita kwa jina la dhuluma hiyo maisha yake yote. Hatua ya kwanza hufanywa na mwovu mmoja, hatua ya pili twaweza kuifanya sisi sote, kisimani, sokoni na hata kanisani, tunaponong'ona: “Yule ndiye aliyepatwa na mambo.”

MWILI USIO NA KICHWA

Wa pili ni Michèle Magema, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1977, akakulia Ufaransa. Mwaka 2002 alitengeneza video iitwayo Oyé Oyé. Upande mmoja zaonekana filamu za zamani za sherehe za Mobutu. Upande wa pili aonekana msanii mwenyewe akipiga hatua za gwaride, lakini kichwa chake hakimo katika picha: ni mwili tu, unatembea na kupunga mikono. Mwaka 2004 alipata tuzo kubwa ya maonyesho ya Dakar, Senegali.

Wazee wa Zaire hawahitaji kuelezwa sana. Wanakumbuka wanawake waliopangwa kwa mistari, wamevaa vitenge vyenye sura ya rais, wakicheza juani saa nyingi ili kumsifu mkubwa apitapo. Serikali ilisema inamheshimu mama wa taifa. Lakini heshima hiyo ilikuwa ya kiuno na miguu. Kichwa hakikuulizwa neno. Nasi twaweza kuuliza: je, nyumbani mwetu ni tofauti? Yako majumba ambamo mama husifiwa sana siku ya harusi, lakini siku ya kuamua mtoto yupi asome na yupi aache shule, kichwa chake hakimo katika picha.

MAMA WA LUSANGA

Wa tatu ni Irene Kanga, mchongaji wa sanamu wa Lusanga, katika jimbo la Kwilu. Zamani mahali hapo paliitwa Leverville, kwa jina la Mwingereza mwenye mashamba makubwa ya mawese. Tangu mwaka 2014 wafanya kazi wa mashamba wamekuwa na ushirika wao wa sanaa, naye ni mmoja wao. Hufinyanga sanamu kwa udongo wa mto, kisha sanamu hizo hutengenezwa upya kwa kakao na mafuta ya mawese, yaani kwa mazao yale yale yaliyotajirisha wengine. Mwaka 2024 ushirika huo ulionyesha kazi zake Venice, Italia, katika nyumba ya Uholanzi.

Mwaka 2020 Irene Kanga alitengeneza sanamu aliyoiita Mapenzi ya Nguvu. Yahusu mwanamke wa Kipende aitwaye Kafuchi, aliyebakwa na Mbelgiji mmoja mwaka 1931. Jambo hilo lilikuwa moja katika cheche zilizowasha maasi ya Wapende. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi, na kazi ya kukata mawese kwa malipo duni. Dhuluma dhidi ya Kafuchi ikamwaga kibaba kilichojaa. Ofisa wa serikali, Maximilien Balot, akauawa, na askari wa serikali wakawaua Wapende kwa mamia.

Katika masimulizi mengi juu ya maasi hayo, watu hutaja kodi, mawese na kifo cha Balot. Kafuchi akitajwa, hutajwa kwa mstari mmoja. Irene Kanga amemtoa katika mstari huo, akamweka katikati, mahali ambapo macho hayawezi kumkwepa. Amesema kwa mikono yake kwamba maumivu ya mwanamke si jambo dogo la chumbani lililo kando ya historia. Mara nyingine ndiyo historia yenyewe.

MOSHI WA GÉRALDINE

Wa nne ni Géraldine Tobe wa Kinshasa. Yeye hachori kwa rangi. Huchora kwa moshi wa taa ya mafuta, akiuongoza polepole juu ya kitambaa mpaka umbo lionekane. Utotoni mwake alishtakiwa kuwa mchawi, akapelekwa kwa watu wa kufukuza pepo. Nani asiyejua balaa hilo katika miji ya Kongo? Baba hupoteza kazi, mtoto wa jirani hufa kwa malaria, na lawama humwangukia mtoto aliye dhaifu nyumbani, yatima au mtoto wa kambo. Wengi wamefukuzwa, wakalala barabarani. Vivyo hivyo wajane na bibi wazee, kwa uchawi wa kusingiziwa, wamenyang'anywa nyumba na mali zao. Géraldine amechukua moshi, kitu kichafuacho ukuta, akafanya nao kazi ambayo watu huisimamia kimya.

“LAKINI HAYA NI MAMBO YA KIZUNGU!”

Naam, twayasikia maneno hayo. Labda baba mmoja anayesoma ukurasa huu tayari amekunja uso, akisema: wanawake wetu hawakuwa na desturi ya kutangaza mambo haya, wameiga Ulaya.

Ndugu yetu, sivyo. Huko Unguja aliishi Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Alizaliwa na wazazi wa ukoo wa watumwa, akauza vyungu mjini, kisha sauti yake ikamfikisha mbali: mwaka 1928 alirekodi nyimbo zake Bombay, mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kuimba Kiswahili katika santuri. Mmoja katika nyimbo zake mashuhuri, Kijiti, wahusu mauaji ya kweli. Mwanamume alimwua mwanamke mgeni, mja mzito, akatoroka; na mbele ya hakimu walioadhibiwa ni wanawake waliotoa ushahidi. Mahakama ilikwisha kufunga daftari. Siti akaufungua wimbo, na watu wa pwani wakaijua dhuluma ile miaka mingi baada ya hakimu kusahauliwa. Siti hakuiga Ulaya. Alitumia tarabu, Kiswahili chake na ujasiri wake.

SIRI YA NYUMBA

Neno la pili la kupinga ni zito zaidi: siri ya nyumba isitoke nje. Ni kweli, jamaa yenye adabu haianiki kila ugomvi uani. Lakini tutenganishe siri na maradhi. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Mke akiungua bukari na mume akanung'unika, hiyo ni siri ya nyumba. Mke akivunjwa taya, au binti akishikwa kwa nguvu na mjomba, hiyo si siri. Hiyo ni jinai.

Na maradhi haya ni makubwa kuliko tunavyodhani. Uchunguzi wa serikali ya Kongo juu ya afya na watu, uliofanywa mwaka 2013 na 2014, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Tena uchunguzi huo ulifunua jambo la kuhuzunisha zaidi. Karibu wanawake 3 kwa kila 4 walisema kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu mojawapo, kama vile kuunguza chakula, kubishana naye au kutoka bila ruhusa. Wanaume waliosema hivyo walikuwa wachache kuliko wanawake!

Hapo ndipo tunapofahamu kazi ya wasanii hawa. Tangu utoto msichana ameonyeshwa picha yake: mwanamke ni mtu wa kulia au mtu wa kuogopwa. Ameitazama picha hiyo mpaka ameiamini. Hakimu hawezi kuifuta. Askari hawezi kuifuta. Picha mbaya hufutwa kwa picha ya kweli.

Lakini pasiwe na mtu wa kudhani kwamba sheria haina kazi. Sheria ipo, na jamaa zote za Kongo zapaswa kuijua. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 yaadhibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20, nayo yaagiza kwamba uchunguzi wa awali umalizike kwa mwezi 1. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kutia sahihi mkataba au kwenda mahakamani. Sharti hilo liliondolewa mwezi wa Julai 2016. Kwa hiyo mama wa Lubumbashi anayetaka kufungua duka au kuweka fedha benki hahitaji tena kibali cha mtu. Je, mama mwenyewe anajua? Karani wa ofisi anajua? Mara nyingi hapana. Sheria imekaa Kinshasa katika kabati, na picha ya zamani bado i ukutani.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Wasomaji wapenzi, si wote tutakaoweza kusafiri na kutazama maonyesho. Lakini kila jamaa ina ukuta wake, na kila jamaa yaweza kufanya machache.

Enyi akina baba, binti akisema ameguswa vibaya, msimwulize kwanza alivaa nini wala alikuwa wapi. Msikilizeni mpaka mwisho, kisha mpelekeni upesi kwa daktari, siku ile ile ikiwezekana, maana dawa za kumkinga na ugonjwa hazingoji. Halafu mwende kwa wenye mamlaka. Wala msikubali mambo hayo yamalizwe chini ya mwembe kwa mbuzi na fedha. Mbuzi huliwa siku moja. Binti hubaki na jeraha, na mwovu hubaki mtaani akijua bei yake.

Enyi akina mama, msiwaambie wakwe zenu kwamba kupigwa ni alama ya mapenzi. Mlivumilia, twajua, kwa ajili ya watoto. Lakini uvumilivu wenu usigeuzwe kuwa sheria juu ya shingo za binti zenu.

Nanyi vijana mnaotafuta mchumba, ulizaneni mapema: fedha za nyumba zitaamuliwa na nani? Watoto wa kike watasoma mpaka wapi? Afadhali mbishane kabla ya harusi kuliko kupigana baada yake.

Mwisho, mtoto wa kike akipenda kuchora, mpeni kalamu na karatasi. Akipenda kuimba, mwacheni aimbe. Msimwambie kwamba kazi hiyo ni ya kaka yake. Labda hatapata tuzo ya Dakar wala ya Ufaransa, na si lazima. Siku moja atachora nyumba yenu: baba, mama, watoto, sufuria juu ya mbabula. Itazameni picha hiyo kwa makini, kuliko mnavyotazama cheti cha shule. Tazameni mama amechorwa mkubwa kiasi gani, amesimama wapi, na kama ana mdomo.

Mtoto hachori uongo. Kama mama yuko pembeni, hana mdomo, na baba ana mikono mirefu kupita mwili wake, msimkasirikie mchoraji. Ketini, baba na mama, mkatazamane.